Madhara ya Utalii kwa Maeneo ya Urithi wa Utamaduni

Madhara ya utalii kwa urithi wa utamaduni ni uharibifu unaolipata eneo la kihistoria, ama katika majengo na vitu vyake, ama katika maisha ya wakazi wake, kwa sababu ya wageni wanaokuja kulitazama na biashara inayowafuata. Pango la Lascaux nchini Ufaransa, kwa mfano, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 baada ya pumzi za wageni na mwanga wa taa kuotesha mwani juu ya michoro yake ya kale.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, madhara huweza kuanzia bafuni. Nyumba za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofani zikabebwa na boriti za mikoko. Nyumba kama hiyo inapogeuzwa hoteli, kila chumba hutakiwa kuwa na bafu lake, hivyo mabomba hupitishwa katika kuta zisizokusudiwa kubeba maji, na likivuja moja, boriti huoza kwa siri. Fundi akipiga lipu ya saruji ili ukuta uonekane mpya, unyevunyevu hunaswa ndani, kwani chokaa huuacha ukuta ukauke ilhali saruji huuziba.

Si haki, hata hivyo, kuubebesha utalii lawama zote. Beit al Ajaib, jumba la kale la masultani mjini humo lililoporomoka kwa sehemu Desemba 2020, halikuwa hoteli, na zipo nyumba ambazo zisingesimama hadi leo bila fedha za wageni.

Kwa maoni yangu, hasara nzito zaidi ni ya kuondokewa na wakazi. Kodi za kupanga nyumba zikipanda, familia huhamia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na mbali zaidi, na vyumba vya chini vilivyokuwa maduka ya mahitaji ya nyumbani huuza picha za Tingatinga, sanaa iliyozaliwa Dar es Salaam. Mkaguzi wa majengo atakuta milango ya nakshi ikiwa salama, asione kilichopungua. Venice, Italia, ilikuwa na wakazi wapatao 175,000 katika mji wake wa kale mwaka 1951. Sasa hawafiki 50,000. Ada ya kuingia iliyoanza kutozwa huko mwaka 2024 kwa wageni wa kutwa inalenga msongamano wa mchana. Ada hiyo haiigusi kodi ya kupanga nyumba.