Kutunza makusanyo ya wadudu katika unyevu wa Dar es Salaam

Anayeuza maembe sokoni Buguruni anamjua nzi wa matunda kwa kazi yake: embe zuri kwa nje, ukilipasua lina funza. Mwaka 2003 nzi mgeni wa jamii hiyo alinaswa Kenya, na haikuchukua muda akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens. Miaka kama kumi baadaye, uchunguzi wa maumbo na vinasaba ulionyesha kuwa hakuwa spishi mpya. Ni Bactrocera dorsalis, anayefahamika Asia tangu zamani. Jina lilifutwa, lakini nzi waliohifadhiwa wakati ule hawakubadilika, na lebo zao bado zinasema walinaswa wapi na lini. Mwenye shaka anafungua droo, anatazama. Kazi ya mhifadhi wa makusanyo ya wadudu ni hiyo: kuhakikisha mdudu na lebo yake havitengani, hata baada ya miaka mia.

Hasara kubwa kuliko zote hutokea kwenye lebo. Sampuli iliyovunjika mguu bado ina thamani kisayansi; isiyo na lebo ni pambo tu. Na lebo inayosema "Dar es Salaam, 5/4/24" ni nusu hasara. Mmarekani ataisoma tarehe hiyo kuwa 4 Mei, na Dar es Salaam ni pana, tangu fukwe za Kigamboni hadi vilima vya Pugu. Hata neno "Pugu" peke yake halitoshi, maana kuna Pugu ya Ilala, na kuna Msitu wa Hifadhi wa Pugu ulio Kisarawe, mkoani Pwani. Ubungo ya leo ilikuwa ndani ya Kinondoni, na Kigamboni ilikuwa ndani ya Temeke. Mipaka ya utawala huhama, kwa hiyo lebo iwe na digrii za ramani pia. Lebo inayofaa husomeka hivi:

TANZANIA: Pwani, Kisarawe, Msitu wa Hifadhi wa Pugu, 6.89°S 39.09°E, mita 200, 14.iv.2024, mtego wa taa, jina la mkusanyaji.

Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi ili usichanganywe na siku. Tarakimu mbili baada ya nukta hutaja mahali kwa usahihi wa kilomita 1 hivi. Nne hufika mita 11. Usinakili tarakimu sita kutoka kwenye simu ikiwa ulipima ukiwa umesimama barabarani na mtego uko bondeni. Karatasi iwe isiyo na asidi, na maandishi yawe ya printa ya leza au wino wa kudumu usioyeyuka. Wino wa peni ya kawaida hufifia. Mtaalamu mwingine akija kumtambua mdudu upya, huongeza lebo yake chini ya zilizopo. Ya zamani haitolewi hata kama jina lake lilikosewa, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu ya nani aliamua nini.

Kuchoma pini hujifunzwa kwa siku chache. Pini za wadudu ni za chuma kisichoshika kutu, urefu wa milimita 38 hivi. Unene wa namba 2 na 3 hutosha kwa wadudu wengi. Za kushonea nguo hazifai: ni fupi, na hewa ya bahari huzila. Pini za shaba nyeupe nazo zina ubaya wake, kwa sababu shaba hukutana na mafuta ya mwili wa mdudu ikaota uchafu wa kijani unaompasua. Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na bega. Nzi na nyuki upande wa kulia wa mgongo wa kifua. Kipepeo katikati ya kifua. Upande wa kulia huchaguliwa ili, ukiharibika, wa kushoto ubaki mzima kwa uchunguzi. Acha sentimita 1 ya pini juu ya mdudu, vidole vipate pa kushika. Wadudu wadogo sana hawachomwi, hugundishwa kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu.

Wakati wa kukauka, wiki moja hadi mbili, adui ni sisimizi na mjusi kafiri. Simamisha miguu ya meza ndani ya vikopo vyenye maji na funika mbao zinazokaushiwa wadudu kwa wavu. Mjusi mmoja anaweza kumaliza nondo wa safari nzima kwa usiku mmoja.

Baada ya hapo vita ni dhidi ya unyevu. Chumba kinatakiwa kiwe na unyevu wa asilimia 40 hadi 55. Ukikaa juu ya 65 kwa siku nyingi, ukungu huota. Hapa kwetu hewa ya nje huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka, na masika ndiyo mbaya zaidi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuwasha kiyoyozi saa za kazi na kukizima jioni. Usiku hewa yenye maji huingia, ikagusa makabati yaliyopoa, na mvuke ukageuka matone ya maji palipo baridi. Kosa la pili ni kufungua madirisha alfajiri "chumba kipumue", saa ambayo unyevu wa hewa uko juu kabisa. Bora hali isiyobadilika kuliko baridi ya kuja na kwenda. Umeme ukikatika, usifungue makabati. Yakiwa na mipira mizuri milangoni na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) ndani, yatavumilia. Silika ikibadilika rangi, ikaushwe kwenye oveni, irudishwe.

Palipo na unyevu hufuata walaji. Anayetisha zaidi ni mbawakawa wa makumbusho, Anthrenus, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 4. Mkubwa hula chavua na huonekana dirishani. Buu lake lenye manyoya ndilo linalokula sampuli kutoka ndani, na kwa nje mdudu huonekana mzima. Dalili ni vumbi laini la kahawia chini ya pini na magamba ya buu. Kila droo ikaguliwe angalau mara 4 kwa mwaka. Ukiona vumbi, funga droo ndani ya nailoni mbili, weka kwenye friza ya nyuzi −20 kwa siku 14. Ukiitoa, iache saa 24 kabla ya kufungua nailoni, la sivyo maji ya hewa yatatua juu ya sampuli zenyewe. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, tuiache. Mvuke wake hufukuza zaidi kuliko kuua, na hudhuru afya ya wanaofanya kazi chumbani humo.

Mabuu, mchwa na wadudu wengine laini hukaa ndani ya ethanoli ya asilimia 70 hadi 80; wanaotakiwa kwa vinasaba, asilimia 95 na frizani. Ethanoli hupaa haraka kuliko maji, kwa hiyo chupa inayopungua pia inazimuka, na kuongeza tu kiasi hakurudishi nguvu. Lebo huwekwa ndani ya chupa, kwa penseli. Ya nje hubanduka.

Shule au ofisi ya kilimo yenye sanduku la wadudu isilitupe kwa kuwa lebo zimepotea. Mtafuteni mwalimu au bwana shamba aliyekusanya, andikeni anachokumbuka na mtaje kuwa ni kwa kukumbuka tu. "Labda Kisarawe, kati ya 1995 na 2000" ni taarifa halali. "Kisarawe, 1997" iliyobuniwa ni uongo utakaoingia kwenye ramani za spishi. Kabla ya kulileta sanduku kwenye makusanyo, lipite frizani siku 14 zile zile, na lisafirishwe likiwa bado ndani ya nailoni.