Mchoro wa mazoezi wa mkono: maana yake na unavyofanyika

Mchoro wa mazoezi ni ule ambao msanii huuchora daftarini ili ajifunze kitu kimoja kwa kukitazama. Ukiwa wa mkono, na shabaha ikiwa hisia, swali ni hili: mkono huu unafanya nini, na nguvu yake iko wapi? Ndiyo maana ukurasa mmoja unaweza kuwa na mikono mitano au sita, mingine haijamaliziwa vidole. Jibu likishapatikana, unahamia mkono mwingine.

Wengi huitafuta hisia kwenye mikunjo ya ngozi. Haiko huko. Iko kwenye pembe ya kifundo cha mkono, kwenye nafasi kati ya vidole na pale ngozi inapobonyea. Mkono uliotulia hujikunja wenyewe kidogo, kidole cha shahada kikinyooka zaidi na cha mwisho kikijikunja kuliko vyote. Mkono ulioshika kikombe kwa hofu ni mwingine kabisa: ncha za vidole zimebapa, kano zimesimama mgongoni mwa mkono, gumba limekaza upande wa pili.

Anza na penseli ya HB, yenye ugumu wa wastani, bila kukandamiza, kwa mstari mmoja kutoka kigashani kupita kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Sekunde 30 zinatosha. Kisha kiganja kama kisanduku bapa, na vidole vinne kwa umbo moja. Kuvitenganisha ni kazi ya mwisho. Anayeanza na kidole kimoja kimoja huishia na vidole visivyo vya kiganja kimoja. Mgongoni, kidole cha kati ni karibu nusu ya urefu wa mkono mzima. Upande wa kiganja huonekana kifupi zaidi, kwa sababu ngozi iliyo kati ya vidole huanzia mbele ya vifundo vya vidole. Vifundo vyenyewe hufuata tao, havikai kwenye mstari ulionyooka.

Sasa chukua 4B, penseli laini na nyeusi zaidi, ukandamize penye nguvu tu: kidole kinapogusa kitu na ndani ya mkunjo mkuu. Kwingine acha mstari ufifie. Mstari wa uzito uleule kuzunguka mkono mzima huufanya glovu tupu. Kuchora kila mkunjo humzeesha kijana, na ukucha hauhitaji kuzungushiwa mstari. Kivuli cha upande mmoja kinatosha. Usisugue kwa kidole, maana mafuta ya ngozi huacha madoa.

Kidole kinachomwelekea mtazamaji ndicho kigumu kuliko vyote. Akili inajua ni kirefu, jicho linakiona kifupi, na akili kwa kawaida hushinda. Nyoosha mkono wako ulioshika penseli, pima kwa penseli hiyo urefu unaoonekana, kisha chora kila pingili ikifunika sehemu ya ile iliyo nyuma yake.