Uwakilishi kwenye magemu maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia "uwakilishi kwenye magemu" wanadhani ni kuhesabu tu, wanawake wangapi, weusi wangapi, basi. Kuhesabu kupo ila swali lenyewe ni nani anapewa kuwa steringi, yaani yule ukibonyeza kitufe yeye ndo anaruka na hadithi inamfuata yeye, sio yule anayekaa kusubiri kuokolewa au anayeuawa mwanzoni ili steringi apate hasira.

Chukua Metroid ya 1986. Gemu zima unamcheza shujaa anayeitwa Samus, yuko ndani ya mavazi ya chuma, uso wake huoni, na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilikuwa kinamtaja kwa "he", yaani kama mwanaume (sisi Waswahili na "yeye" yetu isiyotaja jinsia tungeitunza siri bila kumdanganya mtu). Ukimaliza haraka kofia inatoka, nywele ndefu hizo, kumbe Samus ni mwanamke! Watu walishtuka kwa sababu kila mmoja alishajijazia jibu kichwani kwamba shujaa mwenye bunduki lazima awe dume, na hapo ndo penye tatizo, ile sura inayokuja yenyewe bila mtu kuiita. Halafu ukimaliza chini ya saa moja anabaki na bikini, yaani kapewa usteringi na papo hapo mwili wake umegeuzwa zawadi ya mchezaji. Hilo mimi linaniuma mpaka leo.

Kuna na magemu ya kujichagulia steringi awe mwanaume au mwanamke. Mass Effect ya 2007 unaweza kumcheza shujaa wake, Shepard, akiwa mwanamke mwanzo mwisho, ila kwenye kava yuko mwanaume, mpaka ya tatu, 2012, ndo ukaweza kuligeuza kava umwone yule mwanamke. Kuchaguliwa ni afadhali, lakini kuandikiwa hadithi yako ni kitu kingine kabisa.

Wapo walioandikiwa hadithi hasa. CJ, steringi wa gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas, 2004, ni mweusi na mtaa wake, mama yake, kaka yake wote wamo ndani ya hadithi, ukimtoa yeye gemu haipo. Tell Me Why ya 2020 steringi mmojawapo, Tyler, ni mwanaume aliyebadili jinsia. Na ninayoipenda zaidi ni Never Alone ya 2014, iliyotengenezwa pamoja na Wainupiat wenyewe, wenyeji wa asili wa Alaska: binti Nuna na mbweha wake mweupe wanatembea kwenye dhoruba ya theluji, na msimulizi anaongea Kiinupiaq, lugha yao, wewe unasoma maandishi chini.