Mkono wa kichanga ukilala, usiukande

Bibi alimfungua mjukuu wake kutoka kwenye kanga, akamlaza mbele yangu. "Tumeukanda kwa mafuta ya nazi wiki sita, mwanangu, haurudi." Mtoto alizaliwa na kilo 4.5. Mkono wa kushoto ulikuwa ukihangaika kutafuta ziwa la mama. Wa kulia ulilala ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Nilipogonga kitanda, mkono mmoja ulishtuka ukaruka, wa pili ukabaki palepale. Ila vidole vyake vilikishika changu, nami nikapata matumaini.

Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, nasikia mambo mawili: mtoto kapatwa na zongo, yaani maradhi ya kijicho, au mkunga kamvunja mkono. Mara nyingi kilichotokea ni hiki. Kichwa kilishatoka, bega likanasa nyuma ya mfupa wa kinena cha mama. Shingoni mwa mtoto hushuka mizizi 5 ya mishipa ya fahamu inayoliendesha bega, mkono na vidole. Shingo ikivutika huku bega limekwama, mizizi hiyo hutanuka kupita kiasi, na mara chache hukatika. Daktari Mjerumani Wilhelm Erb aliieleza hali hii mwaka 1874. Inaweza kumpata hata mtoto aliyezalishwa kwa uangalifu.

Hatari huongezeka mtoto akiwa mkubwa, mama akiwa na kisukari, au uzazi ukisaidiwa kwa kifaa cha kuvuta. Kwa hiyo mama, ukiwa kliniki, uliza kuhusu kupima sukari. Na kama mtoto wako wa kwanza bega lilikwama, mwambie mkunga mapema, usingoje uchungu uanze. Bega likinasa, magoti ya mama hukunjwa hadi tumboni, na msaidizi hubonyeza juu tu ya kinena. Tumbo lisisukumwe kutoka juu. Kufanya hivyo hulikaza bega zaidi.

Watoto wengine huumia mshipa wa uso wakati wa kuzaliwa: mtoto akilia mdomo huenda upande mmoja na jicho halifumbi. Wengi hupona ndani ya wiki chache, lakini jicho hilo lilindwe lisikauke, na daktari amwone.

Tukirudi kwenye mkono: mlete mtoto hospitali mara tu unapouona umelala, kwani huenda hata mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika. Mazoezi hufundishwa maumivu ya mwanzo yakishapungua, nayo ni ya taratibu, kila unapombadilisha nepi. Usimnyanyue kwa mikono wala kwapani. Akivishwa nguo, mkono dhaifu uingie kwanza. Akivuliwa, utoke mwisho.

Watoto wengi hupona ndani ya miezi michache. Lakini akifikisha miezi 3 na hajaanza kukunja kiwiko, anatakiwa kuonwa na bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, kwa sababu misuli ikikaa muda mrefu bila mshipa hufa.

Bibi aliniuliza, "Na mafuta yangu?" Nikamwambia ampake, asimkande. Kisha nikamwekea mkono wa mjukuu kiganjani, akauinua polepole mpaka usawa wa sikio, akahesabu hadi tano, akaushusha.