Land Rover Haishiki Kutu? Dhana Potofu Kuhusu Kufufua Pikapu ya Zamani Nyumbani

Ukitaka kuwasha ubishi kwenye gereji yoyote ya Arusha, sema tu kwamba Land Rover inashika kutu. Utajibiwa papo hapo kuwa ile ni aluminiamu, na kwamba hujui magari. Anayekujibu hivyo amepatia nusu. Nusu aliyokosea ndiyo inayowatoa jasho watu wanaonunua pikapu ya 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) iliyolala miaka chini ya mwembe na kuivuta hadi nyumbani waifufue.

Bodi ni aluminiamu kweli. Land Rover ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma nchini Uingereza kilikuwa bado kinatolewa kwa mgao baada ya vita, ndiyo maana mabati yake yakatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa aluminiamu na magnesiamu. Lakini chasisi ni chuma. Ukuta uliopo kati ya injini na miguu ya dereva, ule unaobeba bawaba za milango, nao ni chuma. Hivyo viwili ndivyo gari lenyewe. Mengine yote yamefungwa juu yake kwa bolti na unaweza kuyafungua kwa spana uani kwako.

Chasisi ile ina uwazi ndani kama boksi. Tope na maji vikishaingia havitoki, basi inaoza kuanzia ndani huku rangi ya nje ikikuchekea. Kwa hiyo usiitazame, igonge. Lala chini na nyundo ndogo, anzia mhimili wa nyuma kabisa, kisha fuata mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi. Chuma kizima kinaitika kwa mlio mkali. Kilichooza kinatoa sauti butu, na mahali pengine nyundo itapita moja kwa moja ukabaki unaangalia tundu na vumbi jekundu likikumwagikia kifuani. Gari lililozeekea Tanga au Mombasa, kwenye upepo wa chumvi, ligonge kwa makini zaidi kuliko lililotoka Dodoma.

Hata hiyo aluminiamu inaliwa. Pale inapogusana na chuma, pakawa na unyevu na chumvi, inayoharibika ni aluminiamu. Haitoi wekundu, inatoa unga mweupe, na rangi inavimba malengelenge. Ukirudisha bodi, hakikisha kila pande mbili zinazokutana zina rangi, na kati yake weka kitu cha kuzitenganisha. Praima nayo, rangi ya kwanza, iwe ile inayotengenezwa kwa ajili ya kupaka aluminiamu, maana ile ya kawaida hubanduka.

Hapo ndipo inapokuja dhana ya "mpe fundi wa kuchomelea, atamaliza." Chasisi, sawa, mpe. Ila fundi mwenye mashine ya kuchomelea mageti akigusa bati la bodi, atakutobolea. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, chuma kinakaribia 1,500, na aluminiamu haimpi fundi dalili ya kuwa nyekundu kabla ya kudondoka. Na kuficha tundu la chasisi kwa pati na rangi nyeusi ni udanganyifu, tusiuite ukarabati.

Halafu kuna wanaosema injini ikinguruma, kazi imekwisha. Mimi naiweka injini mwisho kabisa kwenye orodha ya hofu. Ile ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ni ngumu kufa na ni rahisi kufungua. Inachoumia ni haraka ya mwenye gari: limekaa miaka, anafunga kamba na kulivuta na gari lingine liwake. Ringi zilizoganda zinakwaruza silinda ndani ya sekunde chache. Toa plagi, mimina oili kidogo kila tundu, liache siku mbili tatu, kisha zungusha taratibu kwa ile hendeli inayopita kwenye bampa la mbele. Mkono wako utahisi kama kuna kinachogoma, starta haihisi.

Kuhusu petroli ya siku hizi kwamba "inaua injini za zamani," hofu imekuzwa. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na hizi gari bado zinapanda milima. Risasi ilikuwa inalinda siti za valvu, pale valvu inapokalia ikijifunga, nazo huumia zaidi injini inapokimbizwa kwa nguvu muda mrefu. Seti tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma, kwenye milimita 0.25; ukiona nafasi hiyo inajifunga kila baada ya muda mfupi, hapo siti zinaliwa, funga nyingine ngumu.

Breki ndizo za kuogopa. Bado kuna watu wanaongeza oili yoyote iliyopo kwenye kopo la breki. Oili ya injini inavimbisha raba za ndani ya masta silinda, pampu kuu ya breki, na breki zote zitakuwa za kutupa, au mbaya zaidi, zitakuacha mteremkoni. Tumia mafuta ya breki tu. Na ukifungua ngoma, usipulize vumbi kwa kompresa: bitana za breki za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lowesha kwanza, futa kwa kitambaa, kitupe.

Kwenye umeme, waya mweusi wa betri si lazima uwe ndio unaofungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya takriban 1967 zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Ukizifungia altaneta ya kisasa bila kuangalia, unaiunguza.

Na tangi tupu si salama kuchomelea. Tangi la pikapu hizi liko chini ya kiti, jirani kabisa na chasisi unayotaka kuichoma, na mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka, kuliko petroli iliyojaa pomoni. Ling'oe, lipeleke mbali, ndipo uwashe mashine.

Ukiamua mwishowe kuweka injini ya dizeli ya Kijapani, kama wengi wanavyofanya, sikuzuii. Ila kadi ya gari ina namba ya injini ile ya zamani. Shughulikia kuibadilisha kabla hujaingia barabarani, si baada ya trafiki kufungua boneti.