Juu hakukimbiliki: dhana potofu kuhusu upigaji mbizi wa kiufundi

Anayepiga mbizi ya burudani, ndani ya mita 40 na ndani ya muda wake, ana fursa moja kubwa: jambo likiharibika, anapanda polepole moja kwa moja hadi juu. Mpiga mbizi wa kiufundi hana fursa hiyo. Mwili wake umeshiba gesi kiasi kwamba akipanda bila kusimama njiani, gesi hiyo itafanya viputo kwenye damu na viungo, imlemaze au imuue. Wengine wamo ndani ya pango au meli iliyozama, na juu ya vichwa vyao ni mwamba au chuma. Tatizo sharti limalizwe hukohuko chini. Karibu kila dhana potofu ninayokutana nayo kuhusu fani hii inatokana na kulisahau hilo.

"Ni mbizi ileile, ila ya kina zaidi"

Kina ni sehemu tu. Hata mita 30, mtu akikaa muda mrefu, anajikuta anadaiwa vituo vya kusimama kabla ya kutoka. Mwaka 2005 Nuno Gomes wa Afrika Kusini alishuka mita 318 katika Bahari ya Shamu, karibu na Dahab, Misri. Kushuka kulichukua kama dakika 14. Kupanda kulichukua zaidi ya saa 12. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo ni ya safari ya kurudi: kutulia kwenye kina kimoja bila kuelea wala kuzama hata nusu mita, huku mikono ina kazi nyingine na macho yako kwa mwenzako.

"Mtungi una oksijeni"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inaua. Mtungi wa kawaida una hewa hii hii tunayovuta, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21. Oksijeni tupu kwenye kina ni sumu, jambo ambalo Mfaransa Paul Bert alilieleza kitabuni mwake tangu 1878. Mgandamizo hupimwa kwa baa: juu ya maji tayari ni baa 1, na kila mita 10 za maji huongeza baa 1 nyingine. Kikomo kinachofuatwa na wengi ni baa 1.4 za oksijeni wakati wa kuogelea na 1.6 wakati wa kusimama vituoni. Kwa oksijeni tupu, baa 1.6 zinafikiwa kwenye mita 6 tu. Hewa ya kawaida nayo hufikia hapo karibu na mita 66. Ukivuka, degedege linaweza kukushika bila dalili yoyote. Nchi kavu mtu hupona degedege. Majini rigaleta, kifaa cha mdomoni cha kuvutia gesi, inamtoka.

Kwa hiyo gesi hupimwa, na hupimwa na yule atakayeivuta. Unafungua valvu kidogo, gesi inapita taratibu kwenye kipimo, unasubiri namba itulie. Kisha unaandika kwenye utepe: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, jina lako, na kuubandika begani mwa mtungi. Rangi ya mtungi si ushahidi. Neno la aliyejaza si ushahidi. Niliwahi kukabidhiwa mtungi nikaambiwa una asilimia 32, kipimo kikasoma 50. Mpango wetu ulikuwa mita 30. Pale ningekuwa navuta baa 2 za oksijeni. Tangu siku hiyo sijawahi kuona aibu kupima mara mbili.

Hata chini, kubadili mtungi kuna utaratibu wake. Mnasimama wote. Unasoma utepe, unamwonyesha mwenzako, unafuata mpira kwa kidole kuanzia kwenye valvu mpaka mdomoni. Mwenzako akikubali kwa ishara, ndipo unavuta.

"Heliamu hukufanya upande haraka"

Hapana. Heliamu ni gesi inayowekwa mtungini badala ya sehemu ya naitrojeni ili kichwa kibaki na akili. Naitrojeni chini ya mgandamizo hulevya, na wengi huanza kuuhisi ulevi huo karibu na mita 30. Anayesema ameshauzoea anachanganya kuzoea na kutojitambua. Mchanganyiko unaotumika sana karibu na mita 60 una oksijeni asilimia 18 na heliamu 45. Vituo vya kusimama vinabaki palepale.

"Vifaa vikiwa viwili viwili, niko salama"

Mitungi miwili mgongoni ina valvu mbili na ya tatu katikati inayoitenganisha. Valvu moja ikianza kuvuja, unapeleka mkono nyuma ya kichwa, umevaa glovu nene, huoni kitu, viputo vinanguruma sikioni, na inabidi ujue ni ipi ya kufunga na izungushwe upande gani. Ukifunga isiyo yenyewe, umeifunga valvu iliyo nzima na kuiacha inayovuja. Asiyefanya zoezi hilo mara kwa mara amebeba uzito tu.

Sheck Exley wa Marekani alichambua ajali za mapangoni katika kijitabu chake cha 1979, akakuta makosa yanajirudia: kukosa kamba ya kuongoza hadi nje, kutobakiza thuluthi mbili za gesi kwa ajili ya kutoka, na kwenda kina kisichofaa. Vifaa havikuwa kiini cha maafa hayo.

"Kipumulio cha mzunguko hakina mwisho"

Kifaa hiki hurudisha pumzi yako, chokaa ya soda inanasa kaboni dioksaidi, na oksijeni inaongezwa kidogo kidogo. Ni kweli gesi hudumu sana. Lakini chokaa huchoka, vihisi vya oksijeni hudanganya, na oksijeni ikipungua mtu huzimia bila kuhisi kukosa pumzi. Kwa hiyo mwenye akili hubeba pia mitungi ya kawaida inayotosha kumtoa nje.

"Kompyuta inajua mwili wangu"

Haijui. Kompyuta ya mbizi inapiga hesabu tu ya vituo vya kusimama. Mfumo wa Bühlmann, unaotumiwa na nyingi kati yake, huufanya mwili kuwa kama vyumba 16 vya kufikirika. Baridi uliyoihisi haimo. Ukibadili mtungi bila kuijulisha, itaendelea kuhesabu gesi ya zamani.

"Nikishapata cheti, nimefika"

Cheti kinasema ulichoweza siku ile. Pia hakikulazimishi kwenda: mtu yeyote katika kundi anaweza kuisitisha mbizi wakati wowote, bila kuhojiwa. Nakumbuka tukiwa mita 9, tunashuka, mwenzangu akainua kidole gumba. Ishara hiyo maana yake tunatoka. Nilimrudishia ileile, tukageuka. Tulipofika juu ndipo akaniambia vidole vyake havikuwa vinaifikia valvu ya kulia.