“Kocha, bila nyama nguvu itatoka wapi?”

Wiki iliyopita nimeulizwa swali hilo mara tatu, na mara ya tatu chuma kilikuwa bado kimelala miguuni pa mwulizaji. Kijana wa miaka 22, Msabato, kwao nyama haijaingia jikoni tangu azaliwe. Alipakia kilo 80 mabegani, akachuchumaa, akashindwa kusimama, ikabidi wenzake wawili wampokee chuma. Akakaa kwenye benchi, akafuta jasho, akasema: “Ni haya maharagwe, Kocha. Mwili unadai nyama.” Nikamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Chai ya rangi na kipande cha muhogo, saa moja. Wakati huo ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Muda wa saa kumi tumbo tupu, halafu lawama yanabebeshwa maharagwe ambayo hayajaonekana hata kwenye sahani! Ninafundisha watu kunyanyua vyuma hapa Kawempe, Kampala, mwaka wa 11 sasa. Jimu yetu inaunganishwa na Kiswahili, maana mmoja katoka Arua, mwingine Bombo, mwingine kavuka mpaka kutoka Beni, Kongo, na wanajeshi wa kila kabila. Kila mmoja huja na dhana hii hii. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja, kwa hiyo naiandika.

“Nguvu ni nyama. Maharagwe ni ya kujaza tumbo.”

Tuanze na hesabu, kwa sababu watu hubishana juu ya nyama bila kupima chochote. Anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Asiyefanya mazoezi hutosheka na nusu ya hiyo. Kijana wangu ana kilo 70, basi anahitaji gramu 112 hivi.

Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini kati ya gramu 21 na 24. Kunde, mbaazi na choroko ziko hapo hapo. Karanga zina 25 hivi, soya kama 36. Nyama iliyopikwa ina 26 au zaidi kidogo. Lakini tuwe wakweli: maharagwe yakishachemka yakanywa maji, gramu 100 hubakiwa na protini 8 au 9 tu. Ndiyo maana maharagwe hayaliwi kwa kijiko. Yanaliwa kwa kikombe, tena vikombe.

Sasa tazama sahani zetu. Matoke yaliyopikwa yana protini gramu 1 tu hivi kwa kila gramu 100, na muhogo haujaachana nayo mbali. Posho, yaani ugali, ina nafuu kidogo kwa sababu ya mahindi, lakini sehemu kubwa ya posho ni maji. Juu ya mlima huo mtu anamwagiwa mchuzi wa maharagwe, mchuzi mwingi na punje za kutafuta. Siku moja nilikaa na mwanafunzi wangu mmoja kwenye kibanda cha chakula, nikamwambia azihesabu kabla ya kula. Alizisogeza pembeni kwa uma, moja moja. Zilikuwa 31. Punje 31 ni kama gramu 15 za maharagwe makavu, yaani protini gramu 3 na ushei. Huyo alikuwa ananiambia kwamba amejaribu kujenga mwili kwa maharagwe miezi minne na maharagwe yameshindwa. Maharagwe hakuwahi kuyala. Alikula matoke yaliyopakwa rangi ya maharagwe.

Na wale wanaojiita wala nyama, hebu tuwaulize wanaila lini. Jumamosi jioni, vijiti viwili vya muchomo (nyama ya kuchoma) na kachumbari. Jumapili kipande kwenye mchuzi kama kuna wageni. Jumatatu hadi Ijumaa ni posho, maharagwe, karanga na mboga ya dodo (mchicha), kama kila mtu. Protini nyingi iliyojenga mabega yao imetoka shambani. Sifa ikifika wakati wa kugawanywa, inapewa muchomo wa Jumamosi.

Kuna wanaoleta hoja ya kisomo zaidi: “protini ya mimea si kamili.” Hii ilienea sana kutoka Marekani miaka ya 1970. Watu walifundishwa kwamba nafaka na jamii ya kunde lazima zikutane kwenye mlo mmoja, la sivyo protini inapotea. Msingi wake una ukweli: mahindi na ngano yana upungufu wa laisini, maharagwe yana upungufu wa methionini (hizo ni amino asidi, matofali yanayojenga protini), na kila kimoja kinamfidia mwenzake. Lakini mwili hauhitaji vikutane kwenye sahani moja. Unaweka akiba ya amino asidi na kuzichanganya wenyewe kwa muda wa siku nzima. Kula uji asubuhi na maharagwe mchana, hesabu itakaa sawa.

Hata hivyo sisi tuna chakula kinachovikutanisha tayari, na watu wanakionea aibu. Kikomando. Chapati mbili zilizokatwakatwa na kikombe cha maharagwe juu yake: hapo kuna protini gramu 25 au zaidi, nafaka na kunde pamoja, na wanga wa kutosha kukusukuma kwenye seti zako zote. Mtu anakula kikomando akiwa ameipa barabara mgongo asionekane hana hela, kisha anakuja kuniuliza juu ya unga wa protini kwenye kopo. Ninachowaomba ni kitu kimoja tu: mwambie anayekuuzia azidishe maharagwe mara mbili, chapati zibaki zile zile. Ongeza parachichi kama mfuko unaruhusu.

Kwa kilo 70 siku inaweza kwenda hivi. Asubuhi uji wa ulezi uliochanganywa na unga wa soya gramu 50, unapata protini 18 kutoka kwenye soya peke yake. Maharagwe makavu gramu 200 yaliyogawanywa milo miwili, protini 44. Karanga gramu 80, za kutafuna au za mchuzi, 20. Unga wa mahindi gramu 250 kwa posho ya siku, 20. Chapati mbili, 12 hivi. Jumla umefika 114, na ulezi na mboga sijavihesabu. Wenyeji wa kaskazini mwa Uganda wana njia fupi zaidi: odii, rojo zito la simsim (ufuta) na karanga, juu ya mboga ya malakwang, pembeni bakuli la lapena, yaani mbaazi. Nani alisema chakula hicho ni dhaifu?

Ushahidi je? Watu hupenda kutajiwa mashujaa, nami nitawataja. Patrik Baboumian wa Ujerumani, asiyekula chochote cha mnyama, mwaka 2013 alibeba nira ya kilo 550 mabegani mjini Toronto akatembea nayo mita 10. Kendrick Farris aliacha nyama mwaka 2014, na mwaka 2016 ndiye alikuwa mwanamume pekee aliyeiwakilisha Marekani katika kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya Rio. Lakini hao wote wawili walikuwa na nguvu kabla ya kubadili chakula, kwa hiyo mimi siwategemei sana kwenye mabishano. Naamini zaidi utafiti wa Brazil uliotolewa mwaka 2021. Vijana 38 ambao hawakuwa na mazoea ya vyuma, nusu wanakula mimea tu, nusu wanakula kila kitu, wote wakafikishwa kwenye gramu 1.6 kwa kilo, wa kwanza kwa nyongeza ya soya na wa pili kwa nyongeza ya maziwa. Walifanya mazoezi ya miguu kwa wiki 12. Misuli iliongezeka sawa, na nguvu zikaongezeka sawa.

Sisemi hakuna kazi. Protini ya mimea humeng'enywa kwa shida kidogo kuliko ya nyama, ndiyo maana wanafunzi wangu wasiokula nyama nawasukuma hadi gramu 1.8 kwa kilo. Chakula kinakuwa kingi, na mtu mwembamba hushiba kabla ya kufikia hesabu yake, hapo karanga na parachichi ndiyo msaada. Na gesi, ndiyo, najua. Loweka maharagwe usiku kucha, maji yale yamwage, chemsha kwa maji mapya mpaka punje ivunjike kwa vidole viwili. Anza na kikombe kimoja kwa siku, upande polepole kwa wiki tatu. Anayeruka kutoka punje 31 hadi vikombe vitatu kwa siku moja atateseka, kisha atatangaza mtaani kwamba maharagwe ni mabaya.

Yule kijana aliyeshindwa na kilo 80 sikumpa dawa yoyote. Nilimwambia kesho yake ale kikomando saa nane, apumzike, ndipo arudi. Alizisimamisha mara tano.

“Soya humwotesha mwanamume matiti.”

Hapana. Soya ina kemikali za mmea ziitwazo isoflavoni, na kwa umbo zinafanana kidogo na homoni ya kike, estrojeni. Hofu ilianzia hapo. Tafiti nyingi zilikusanywa na kuchambuliwa pamoja mwaka 2010 na tena mwaka 2021, na testosteroni, homoni ya kiume, ya wanaume wanaotumia soya haikushuka. Kile kisa kinachozungushwa kwenye simu kilimhusu Mmarekani mmoja aliyekuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku, na alipoacha, hali yake ikarudi. Wewe unaweka vijiko vitano kwenye uji.

Cha kuogopa kwenye soya ni ubichi wake. Soya isiyopikwa ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo unakula gharama bila faida, na tumbo linauma juu yake. Ukinunua unga, muulize mwenye kinu kama soya ilikaangwa kabla ya kusagwa. Asipojua, usinunue. Mimi hununua punje nzima, nazikaanga mwenyewe mpaka ziwe kahawia na harufu ibadilike, ndipo napeleka kusaga.

“Mimea ina kila kitu, sihitaji kidonge chochote.”

Hii ni dhana ya upande wetu wenyewe, sisi tunaotetea mimea, na inaniumiza kuliko ile ya nyama kwa sababu inavunja watu waliojitahidi. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa kwenye mmea wowote. Si kwenye dodo, si kwenye mwani wa spirulina, si kwenye mboga isiyooshwa vizuri. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Anayekunywa maziwa na kula mayai hupata kiasi fulani. Aliyeacha vyote anahitaji kidonge au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo.

Ubaya wake ni kwamba ini huweka akiba ya miaka. Unaacha nyama, mayai na maziwa, mwaka wa kwanza uko salama, wa pili uko salama, unaanza kuhubiri. Kisha ganzi inaanza kwenye nyayo. Mama mmoja niliyemfundisha alianza kupoteza usawa wakati wa kuchuchumaa, akawa haoni sakafu kwa miguu yake, ndivyo alivyosema. Alikuwa amekwenda kliniki moja hapa mjini, wakaona damu imepungua, wakampa asidi ya foliki kwa miezi bila kupima B12. Foliki inaweza kurekebisha picha ya damu huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimya kimya. Alipopimwa kwingine na kuanza sindano, ganzi ilipungua, lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi kama zamani. Kama huli kitu chochote cha mnyama, anza B12 mwezi huu, usisubiri dalili.

“Mboga za majani hazina madini ya chuma ya kutosha damu.”

Madini ya chuma yamo kwenye mboga, na kwenye maharagwe pia, lakini mnayazuia kwa chai. Katogo (mchanganyiko wa matoke) na chai, chapati na chai, maharagwe na chai. Chai inayafunga madini ya chuma yasiingie mwilini. Inywe saa moja baada ya kula, si pamoja na chakula, na juu ya maharagwe kamua limau au kula embe baadaye, maana vitamini C huyafungulia njia. Wanawake wanaopata hedhi nzito wapime damu, wasikisie.

“Kreatini ni steroidi, tena inatoka kwenye nyama.”

Si steroidi, yaani si homoni ya kuvimbisha misuli; ni kitu kinachosaidia misuli kupata nishati ya haraka, na ile inayouzwa hutengenezwa kiwandani bila mnyama yeyote. Mwili wenyewe hutengeneza kreatini, nyama huongeza kidogo, ndiyo maana wasiokula nyama huwa na akiba ndogo kwenye misuli na mara nyingi ndio wanaoona tofauti kubwa zaidi wakianza. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Lakini usinunue kopo hilo kabla hujatengeneza sahani yako. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

“Mwanamke akinyanyua vyuma atakuwa kama mwanamume, na asipokula nyama atakonda abaki mifupa.”

Mnubi mmoja wa Bombo, mama wa watoto wanne, aliniletea dhana zote mbili kwa pumzi moja, alizipata kwa shemeji yake. Nikamuuliza jerikeni ya maji ya lita 20 alianza kuibeba kichwani akiwa na umri gani. Miaka 11. Hiyo ni kilo 20 na ushei, kila siku, mara nyingine mara tatu, na hakuna shemeji aliyewahi kumwonya kwamba atageuka mwanamume. Testosteroni ya mwanamke ni ndogo sana kuliko ya mwanamume, mwili wake hauna cha kumvimbisha kwa namna hiyo. Sasa anainua kilo 70 kutoka sakafuni, mgongo wake uliokuwa ukimuuma umetulia, na uzito wake umeongezeka kilo 3 tangu tuliporekebisha kiasi cha maharagwe. Jumanne ijayo tunajaribu 75.